Kuuza mboga zako mwenyewe soko la mjini Dodoma: hatua kwa hatua, kuanzia kabla hujapanda

Mbukwenyi ndugu zangu. Hii naiandika kwa ajili ya mkulima mwenye robo eka, nusu eka, labda eka moja na maji kidogo, yuko Hombolo, Mpunguzi, Matumbulu, Makutupora, Veyula, Zuzu, Nala mpaka Bahi na Chamwino huko, na kila akivuna anakaa anamsubiri mtu wa pikipiki aje na bei yake kichwani, we kazi yako ni kukubali tu kwasababu nyanya zimeshaiva hazisubiri. Mi nalima Hombolo, mchicha, chainizi, nyanya, bamia na majani ya kunde, na huu ni mwaka wa sita naleta mjini mwenyewe siku mbili kwa wiki. Wateja wananiita mama mchicha. Nimeshaulizwa sana inbox "mama umeanzaje", nimeona niandike yote sehemu moja.

Nianze na jambo ambalo wengi wanalikosa: kuuza ni kazi kamili kama kulima, inataka siku yake, nguvu yake na hesabu yake. Ukiichukulia kama kitu cha kumalizia jioni ukishatoka shambani utarudi kwa dalali ndani ya mwezi mmoja, nimewaona wengi tu.

HATUA YA 1: Nenda sokoni mikono mitupu

Kabla hujapanda chochote nenda mjini bila mzigo, angalau mara 2. Mara ya kwanza alfajiri saa 11 uone mzigo unavyoshuka, nani anapokea, matenga yanavyopangwa na bei ya jumla inavyotajwa. Mara ya pili nenda jioni saa 10 mpaka saa 12, watu wakitoka makazini, uone mlaji mwenyewe ananunua nini na kwa kiasi gani. Pita Majengo, pita Sabasaba, pita soko la Job Ndugai kule Nzuguni karibu na stendi kuu ya mabasi, alafu usiache magenge ya mitaani kwasababu mboga nyingi ya Dodoma inaliwa kutoka kwenye magenge wala sio sokoni.

Nunua kidogo kila meza hata mafungu mawili matatu uende nayo nyumbani ukayapime. Fungu la 500 lina nyanya ngapi, zina ukubwa gani, sado (lile kopo la kupimia) inajazwa mpaka wapi. Mi mara ya kwanza nilikaa na daftari pale karibu na muuza vitunguu, nikahesabu ndani ya saa moja watu wangapi wameulizia kitu ambacho hakipo mezani kwake. Waliulizia matembele, wakaulizia nyanya chungu, dada mmoja akaulizia mnafu mara mbili, akaondoka bila kununua kitu. Hapo ndio nilipata akili.

Dodoma ya sasa sio ile ya zamani. Toka Serikali ilivyohamia kwa nguvu kuanzia 2016, na jiji likatangazwa 2018, na kabla ya hapo Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kilivyoanza 2007, mji umejaa watu wa kila mkoa na kila mtu kaja na tumbo lake. Mchaga anatafuta mnafu, mtu wa Tanga na Pwani anataka kisamvu na matembele, Msukuma anataka mlenda na karanga, Mnyakyusa atakuulizia viazi na magimbi. Na wenyeji wetu Wagogo na Warangi wanataka mlenda mkavu uliotwangwa vizuri, majani ya kunde yaliyokaushwa, unga wa uwele na mtama, hao usiwasahau hata siku moja maana ndio wanunuzi wa mwaka mzima, hawaondoki Bunge likiahirishwa.

HATUA YA 2: Panda kwa kufuata siku za kuuza

Hapa ndio pagumu na ndio pana hela, kwahiyo ntakaa kidogo.

Mvua yetu ni moja tu, inaanza Desemba inaisha Aprili, na yenyewe haba. Mvua ikinyesha kila mtu ana mchicha nyuma ya nyumba, mlenda unaota wenyewe porini, majani ya maboga kila kona, kwahiyo bei ya mboga za majani inashuka mpaka unaona huruma kubeba. Nyanya sasa ni kinyume, kipindi cha mvua zinashambuliwa na ukungu zinakua chache na bei inapanda. Alafu kuanzia Agosti mpaka Novemba, jua kali, upepo na vumbi, hapo mwenye kisima au aliye karibu na bwawa ndio mfalme wa mboga za majani. Panga shamba lako kwa kuangalia kipindi gani wenzako hawana, usiangalie jirani kavuna nini mwezi uliopita akapata hela, ukipanda hicho hicho wote mtavuna siku moja.

Mchicha unavunwa wiki 3 mpaka 4 toka umwage mbegu. Wengi wanamwaga shamba zima siku moja, ukifika muda wote unakomaa pamoja, nusu unauza nusu unatoa maua. Mi nagawa matuta kwenye mafungu manne, kila Jumatatu namwaga fungu moja, kwahiyo kila wiki nina mchicha mchanga, sina wiki ya kumwambia mteja "sina, njoo wiki ijayo". Mteja ukimwambia hivyo mara 2 ameshahama.

Usije na kitu kimoja mezani. Mtu wa mjini akitoka kazini anataka asimame sehemu moja apate mboga, nyanya, kitunguu, hoho, ndimu na karoti aende zake kupika. Huwezi kulima vyote, sawa, kaa na jirani mkubaliane, we nyanya na chainizi, yeye bamia na pilipili, mwingine aje na mayai ya kienyeji, mkiweka pamoja meza inakua imejaa na kila mtu daftari lake. Nimefanya hivyo na wanawake wawili wa kijijini kwetu, mauzo ya kila mmoja yalipanda kuliko kila mtu akiwa peke yake.

Kalenda ya mji nayo iangalie. Bunge la bajeti linaanza Aprili linaenda mpaka mwisho wa Juni, mji unajaa, hoteli na migahawa inanunua sana. Vyuo vikifunga soko la wanafunzi linapotea. Ramadhani tikiti maji, ndizi, viazi vitamu, magimbi na mihogo vinatafutwa kwa tochi. Tikiti ukitaka livunwe mwezi wa mfungo rudi nyuma siku 80 mpaka 90 ndio upande, na kumbuka kila mwaka mfungo unawahi kama siku 11 kuliko mwaka uliopita kwahiyo tarehe ya mwaka jana haikusaidii.

Kwa wenye zabibu, sisi Dodoma tunavuna mara 2 kwa mwaka, Februari na Machi hivi alafu Agosti na Septemba. Nyingi zinaenda kwa watengeneza mvinyo, ila zile za kula tenga pembeni vishada vizuri, kata kwa mkasi na kikonyo chake, usivute kwa mkono, na usizioshe. Ule unga mweupe juu ya ngozi ya zabibu ndio unaoonyesha haijashikwashikwa, mtu anayejua zabibu anautazama huo kabla hajaonja.

HATUA YA 3: Piga hesabu kwa kalamu

Nakuwekea mfano, namba weka zako maana kila mtu na gharama zake. Tuseme una kreti 4 za nyanya. Shambani kila kreti imekula 9,000, yani mbegu, mbolea, dawa, mafuta ya pampu, vibarua, hiyo ni 36,000. Kusafirisha 2,500 kwa kreti ni 10,000. Nauli yako kwenda na kurudi 6,000. Ushuru wa meza 1,000. Chakula cha mchana na maji 3,000. Jumla 56,000, ukigawa kwa 4 ni 14,000 kila kreti. Hiyo ndio bei ambayo ukishuka chini yake umelipia watu wale nyanya zako.

Sasa ukimuuzia dalali pale pale shambani kwa 11,000 unapata 44,000, toa 36,000 unabaki na 8,000 na siku yako ipo huru. Ukija sokoni, kreti ikakutolea sado 10 kwa 2,500, kreti 4 ni 100,000, toa zilizopondeka na za nyongeza tuseme 10,000, inabaki 90,000, toa 56,000 unabaki na 34,000. Ni kubwa zaidi ya mara nne lakini umesimama juani kutwa nzima. Kwahiyo usisikie mtu anasema dalali ni mwizi. Dalali analipwa kwa usafiri na kwa hatari ya mzigo kuoza mikononi mwake. Kama una kreti 30 za nyanya zimeiva siku moja, mpe dalali 24, we leta 6, wala usione aibu. Kosa ni kumuuzia bila kujua hiyo 9,000 yako, hapo atakutajia 7,000 na utashukuru.

HATUA YA 4: Tafuta sehemu ya kusimama

Usije na mzigo siku ya kwanza ukatandika turubai popote, utafukuzwa na mboga inanyauka. Nenda ofisi ya soko, salimia vizuri, waambie we ni mkulima unataka meza au sehemu ya kushusha siku fulani na fulani, uliza ushuru wa siku ni kiasi gani na unalipwa kwa nani. Ukilipa dai risiti ya mashine, kila siku, hata kama ni hela ndogo. Kuna siku nililipa kwa kijana aliyekuja na begi tu begani, nusu saa baadae akaja mwenye mashine nikalipa tena.

Kingine wengi hawajui, kuhusu ushuru wa mazao barabarani. Mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5, ukawa 2 kwa mazao ya chakula na 3 kwa ya biashara, na mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine ukaondolewa ushuru huo. We na kreti zako 6 hufiki hata nusu tani. Ukisimamishwa kwenye geti ongea kwa adabu, sema uzito wako, usigombane.

Kama soko kubwa halina nafasi sio mwisho wa dunia. Magulio yapo, makanisani Jumapili watu wakitoka ibada, misikitini Ijumaa, mitaa mipya kama Iyumbu na Ihumwa kuna nyumba nyingi na magenge bado machache, na kule Mtumba kwenye mji wa Serikali watumishi wakitoka jioni wanapitia barabara moja. Omba ruhusa serikali ya mtaa, tafuta kivuli, kaa hapo hapo kila wiki siku ile ile saa ile ile. Kubadilisha sehemu ni sawa na kufunga biashara ukaanza upya.

HATUA YA 5: Kuvuna na kubeba

Mboga za majani vuna jioni jua likishapoa au alfajiri na mapema, kamwe usivune saa 6 mchana kwa jua letu hili, itafika imelala. Mchicha nang'oa na mizizi, nauosha udongo kwa maji safi, nafunga mafungu kwa kamba ya mgomba au katani, nayasimamisha kwenye beseni lenye maji kidogo usiku kucha mahali penye upepo. Asubuhi nafunika na gunia la katani lililoloweshwa likakamuliwa, usitumie nailoni, nailoni inapika mboga. Upepo wa Dodoma ni mkavu sana, gunia likikauka njiani mwagia maji tena, ile baridi ya maji yanayokauka kwenye gunia ndio friji yetu.

Nyanya kinyume, zisiguse maji. Vuna ambazo zimeanza kubadilika rangi chini, pinki pinki, kama utauza kesho na keshokutwa, na nyekundu chache za kuuza leo. Achana na matenga ya miti yaliyoshindiliwa, za chini zinafika supu. Kreti za plastiki zinauma mfukoni mara ya kwanza lakini mi za kwangu ninazo toka nianze, ndani natandika karatasi au majani makavu, na sijazi kupita mdomo ili kreti ya juu ikae kwenye kreti mwenzake na sio kwenye nyanya.

Dawa sasa, hapa naomba mnisikilize kweli. Kila chupa ya dawa imeandikwa siku ngapi usivune baada ya kupuliza. Ikisema 7 ni 7, ikisema 14 ni 14. Kantangaze, yule mdudu anayeharibu nyanya, akiingia shambani watu wanachanganyikiwa wanapuliza leo kesho wanavuna kwasababu bei ipo juu, na hiyo nyanya inaenda kukatwa kachumbari ya mtoto wa mtu bila hata kupikwa. Andika kwenye kalenda ukutani tarehe uliyopuliza na tarehe ya kuvuna. Mteja akikuuliza "umepuliza lini" uwe na jibu la kweli, na siku hizi wanauliza kweli.

Usafiri: kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) ya kuchangia watu wanne watano ndio nafuu, mkubaliane saa ya kuondoka na atakayechelewa aachwe. Bodaboda na kreti mbili inawezekana lakini barabara ya vumbi inaponda nyanya na mtu anaweza kuumia.

HATUA YA 6: Kupanga meza

Fika saa 12 kamili asubuhi. Kitu cha kwanza ni kivuli, mwavuli mkubwa au turubai, mboga juani ndani ya saa mbili imekwisha. Mboga za majani weka mbele, zinyunyizie maji kidogo kila baada ya muda kwa mkono, nyanya katikati, vitu vigumu kama vitunguu na maboga pembeni.

Chambua mafungu matatu: nzuri kabisa, za kati, na zilizogongwa. Usichanganye. Kuna ujanja wa kuweka kubwa juu na ndogo chini ya sado, mteja anaweza asikuone siku hiyo lakini akifika nyumbani akimimina kwenye beseni anakuona vizuri tu. Zilizogongwa ziuze kwa jina lake, mama ntilie wanazitafuta za kupika mchuzi, kwa bei yake.

Kuhusu vipimo, sado na fungu ndio lugha ya soko letu na utazitumia, ila nunua na mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, kuna wateja wengi siku hizi wanataka kilo. Na kwa magunia, lumbesa ni kosa kisheria, gunia lisizidi kilo 100 na lishonwe pasiwe na kilemba juu. Akija mnunuzi anataka ujaze mpaka shingo kisha akulipe bei ya gunia moja, mwambie hapana, hicho kilemba ni jasho lako.

Bei ziandike kwenye kadibodi kwa kalamu nene. Watu wengi, hasa vijana na wageni, wanaogopa kuuliza bei wanapita tu. Toka niandike bei watu wanasimama zaidi, na wa kubembeleza bado watabembeleza, hiyo ni haki yao.

Chenchi beba toka nyumbani, za mia mia, mia mbili na mia tano, usitegemee jirani. Uwe na lipa namba au namba ya simu iliyoandikwa kubwa na jina litakalotokea. Usikubali kuonyeshwa meseji kwenye simu ya mteja, subiri yako iingie, soma jina na kiasi ndio utoe mzigo, sio kumdharau mtu, ni utaratibu. Mifuko: rambo, yani mifuko ya plastiki, zilikatazwa toka tarehe 1 Juni 2019, kuwa na mifuko ile mbadala uuze kwa bei uliyonunulia, au mboga ifunge kwa kamba tu.

HATUA YA 7: Kuongea na watu

We una kitu mchuuzi hana, umelima mwenyewe. Kitumie. Wiki iliyopita alikuja kijana, mtumishi naona, na kitambulisho shingoni.

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu, karibu."
"Huu mchicha wa wapi?"
"Wa kwangu, Hombolo, nimeung'oa jana saa 12 jioni. Shika mzizi, bado mbichi."
Akashika. "Mbona mia tatu, pale mia mbili?"
"Pale ni wa jana asubuhi baba, na fungu angalia unene wake. Chukua moja leo, ukilala usiku kwenye ndoo ya maji bila kunyauka kesho kutwa utarudi."
"Nipe mawili, na nyongeza."

Nikamwongezea vijiti vitano vya mchicha. Nyongeza ipige kwenye bei toka mwanzo, mteja wa Kitanzania bila nyongeza anahisi hujamjali. Mteja wa kwanza asubuhi, yule wa kukufungulia biashara, msikilize hata kama bei yake ni ya chini kidogo. Na usimseme vibaya jirani wa meza, siku umeumwa tumbo ndio atakayekuangalizia mzigo.

Mfundishe mtu kupika. Vijana wengi hawajui majani ya kunde yanapikwaje na karanga, au mlenda unawekwa nyanya lini. Nikimweleza dakika mbili ananunua na karanga za jirani yangu.

HATUA YA 8: Mzigo uliobaki

Saa 10 jioni angalia meza yako uamue. Mboga ya majani haitakufaa kesho, anza kuongeza fungu badala ya kushusha bei, yani mia tano mawili yawe matatu, ukishusha bei wale wa asubuhi wakisikia hawatanunua tena asubuhi, watasubiri jioni. Saa 11 na nusu piga simu kwa mama ntilie wako mmoja au wawili ambao mmeelewana bei ya kumalizia.

Kinachorudi nyumbani kikaushe. Bibi zetu walishatufundisha hili zamani sana, majani ya kunde na mlenda vinachemshwa kidogo au vinaanikwa hivi hivi kivulini kwenye upepo, na upepo tunao wa bure. Jua la moja kwa moja linaua rangi na vitamini. Anika juu ya wavu au chekeche ulioinuliwa kutoka chini, funika na chandarua kuzuia nzi na vumbi, ukishakua wa kuvunjika mkononi twanga, hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko. Mlenda mkavu wangu naupima kwa kikombe kuanzia Agosti na wanafunzi wa kwetu Dodoma wanaosoma mbali wanatumiwa na wazazi kwa basi. Ukitaka kuufungasha na lebo upeleke madukani hapo utahitaji nembo ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango), pitia kwanza ofisi ya SIDO mkoa, wale wa viwanda vidogo, wakuelekeze, usianze kuchapisha lebo.

HATUA YA 9: Wateja wa kudumu na mikopo

Nina daftari la majina na namba za simu, nimeanza na watu 9 sasa ni zaidi ya 60. Jioni kabla ya siku ya soko natuma meseji WhatsApp, picha moja ya shambani iliyopigwa siku hiyo hiyo, vitu vilivyopo na bei. Wanaoagiza nawawekea pembeni na jina lao. Usitume kila siku utachosha watu, na usitume picha ya mtandaoni ya nyanya za Ulaya zinazong'aa, wataona ulicholeta.

Mikopo ndio iliniumiza. Mwaka wangu wa pili kuna mgahawa mmoja mjini waliniagiza mboga kila Jumanne na Ijumaa, wiki mbili za kwanza wakalipa papo hapo, baadae wakasema tutalipa mwisho wa mwezi, nikapeleka mwezi mzima na wiki moja juu. Nikienda naambiwa bosi hayupo, mhasibu katoka, njoo kesho. Ilikua 186,000, kwangu ile ilikua mbegu na mbolea ya msimu, nikauza mbuzi wawili ili nipande. Sikulipwa mpaka leo. Kwahiyo sasa utaratibu wangu ni huu: mgahawa au hoteli inalipa kila mzigo, au inalipa mzigo wa nyuma ndio ishushiwe wa leo, na mpokeaji anasaini kwenye daftari langu kiasi na bei. Deni halizidi mzigo mmoja. Wapo waliokataa, nikawaacha, na wapo waliokubali na tupo nao mwaka wa tatu. Mtu wa nyumbani, mama wa jirani ambaye hana 500 leo, huyo namwandikia, hajawahi hata mmoja kunikimbia.

Mkiwa kikundi mambo ya mtaji yanakua rahisi. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, mnapitia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Muwe mmesajiliwa, mna akaunti ya benki, na daftari la mauzo mlilonalo kweli, lile la kila siku lenye madoa ya nyanya. Sisi tuliomba kwa ajili ya pampu na ndilo daftari walilokaa nalo muda mrefu kuliko karatasi zote.

HATUA YA 10: Ukirudi nyumbani

Usilale kabla hujaandika. Kilichoenda, kilichouzwa, kilichorudi, hela ya simu, hela ya mkononi, na mstari mmoja wa kitu watu walichoulizia hukua nacho. Hela ya mbegu ya wiki ijayo itoe hapo hapo uiweke kwenye bahasha yake au laini nyingine ya simu, ikichanganyika na ya sukari na ada imekwenda.

Kreti zioshe asubuhi kwa sabuni na maji, zianike juani zikauke kabisa, maana nyanya moja iliyooza ikiacha majimaji kwenye kona inaozesha kreti nzima ya safari inayofuata. Magunia ya katani yafue yaning'inize. Alafu Jumatatu ikifika mwaga lile fungu lingine la mchicha.